Shati la Wifi

Jumamosi, 3 Mei

Msimu wa kriketi umeanza, na tumeanza kwa kushindwa. Si kwa sababu ya wapigaji. Mimi niliingia nafasi ya sita kama kawaida yangu na nikabaki uwanjani mpaka mwisho bila kutolewa. Tatizo letu ni lile lile la mwaka jana. Mechi zetu ni za ova thelathini, kila ova mipira sita, na sheria inasema mrushaji mmoja haruhusiwi kurusha zaidi ya ova sita. Maana yake unahitaji warushaji watano. Sisi tuna wanne. Zile ova sita za mwisho tunazigawa kama zamu za kumwuguza mgonjwa, huyu moja, yule mbili, na wapinzani wanazisubiri hizo kwa hamu. Leo wamezila zote.

Nesi, nahodha wetu, alinishika bega tukiwa tunavua viatu. "Fundi," akasema, "wewe tu ndiye uliyenipa raha leo." Wote wananiita Fundi kwa sababu ya cherehani. Nimelala na maneno hayo kichwani.

Jumatano, 7 Mei

Wifi yangu amefika. Ni mdogo wa mwisho wa mume wangu, amepata kazi benki, na atakaa kwetu mpaka apate chumba. Alishuka na begi la nguo, ndoo ya vyombo, na gongo la kriketi limefungwa kwenye taulo.

"Hukuniambia kama anacheza," nilimwambia mume wangu jikoni.

"Nilidhani utafurahi. Mtakuwa wawili."

Hatukuwa na shida ya kuwa wawili humu ndani.

Alhamisi, 8 Mei

Jua kali. Sketi za shule, ishirini na kitu. Wifi anapiga mswaki huku anaimba.

Jumamosi, 10 Mei

Hakukuwa na mechi, mazoezi tu. Wifi alikuja na fulana yake pana ya kulalia, inamfika mapajani, nikamwonea aibu kwa niaba yake. Mwalimu, kocha wetu, ambaye alifundisha michezo shuleni mpaka akastaafu na bado anatupigia filimbi kama wanafunzi, alimpa gongo. Alipiga vizuri, si vizuri sana. Nikapumua.

Halafu akaomba mpira.

Sijui niandikeje. Alikimbia hatua chache tu, mkono ukapita karibu na sikio, ukanyooka juu kabisa, na mpira ukaangusha wiketi ya Nesi, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji. Nesi akaangalia nyuma, akacheka. Mpira wa pili vilevile. Mwalimu akavua kofia, akaivaa tena. Namjua Mwalimu. Akivua kofia anapiga hesabu.

Nami nikaipiga hesabu hiyo hiyo. Wapigaji watano wa juu hawaguswi. Mlinda wiketi haguswi. Warushaji wanne hawaguswi. Anayebaki ni wa namba sita, na namba sita wa sasa, mimi, harushi. Zamani nilirusha, kabla bega halijaharibika. Sasa napiga tu. Wifi anapiga kidogo na anarusha sana. Hata mtoto wa chekechea angejua ni nani atakayesugua benchi.

Njiani kurudi aliniuliza, "Wifi, nimejitahidi?"

"Umejitahidi," nikasema.

Jumapili, 11 Mei

Mama mkwe alipiga simu kuuliza hali ya binti yake. Tuliongea robo saa, na hakuniuliza hali yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Mashati ya timu nashona mimi, tangu timu ianzishwe. Kitambaa ni kile cha kijani, jora moja tuliloagiza mwanzo kabisa, na kiwanda chenyewe kilishaacha kukitengeneza. Lilikuwa limebaki la kutosha shati moja na vibaki kidogo. Leo Wifi amekuja dukani saa ya chakula nimpime. Alisimama mbele ya kioo, mikono imenyooshwa pembeni, ananisimulia meneja wake anavyokula karanga kwenye droo. Nilipima bega, kifua, urefu wa mkono. Ana mabega mazuri. Nilitaka kupata kasoro nikakosa.

Sasa, kuna jambo ambalo ni la kwangu peke yangu katika kazi hii. Shati la mpigaji nalikata kawaida, kwapa linabana vizuri, mtu anapendeza. Shati la mrushaji naliwekea kipande cha pembe nne chini ya kila kwapa, ili mkono upande mpaka juu bila shati kuuvuta. Hakuna aliyenifundisha, niligundua mwenyewe siku zile nilipokuwa narusha. Wenzangu wanavaa tu, hawaangalii mishono.

Nilimpigia Mwalimu simu. "Huyu mpya namwekaje, mpigaji au mrushaji?"

"Kwenye fomu ya ligi nimemwandika mpigaji," akasema. "Mengine tutaona mbele ya safari."

Mpigaji. Sikuuliza mara ya pili.

Ijumaa, 16 Mei

Shati limekwisha. Bila vipande. Vibaki vya kitambaa nimevikata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani, nikafuta cherehani yote, hata mahali pasipohitaji. Wifi amelivaa akazunguka sebuleni, kaka yake akapiga makofi.

"Wifi, una mikono ya dhahabu," akaniambia, akanikumbatia. Nilibaki nimesimama na pini mdomoni.

Jumamosi, 17 Mei

Mechi ilikuwa mbali, Wifi alikuwa kazini, mimi nikacheza. Tumeshindwa. Zile ova sita tena.

Jumamosi, 24 Mei

Mwalimu alitusimamisha kwenye mstari, akataja majina, langu halikuwemo. Alikuja baadaye akakaa kando yangu kwenye benchi la mbao.

"Fundi, si kwamba umepungua. Ni mizani tu. Nikijaza wapigaji, nani atarusha?"

"Naelewa, Mwalimu."

"Najua unaelewa. Ndiyo maana nimekuja kukuambia mwenyewe."

Nilijikaza kisabuni. Nesi alipita akaniangalia, akaangalia pembeni. Wifi alikuwa amevaa shati langu, yaani shati nililoshona, limemkaa mwilini kama tangazo la duka langu.

Ova yake ya kwanza. Alikimbia, akainua mkono, na nikaona kitu ambacho nadhani hakuna mwingine aliyekiona. Shati lilipanda mpaka kiunoni, bega likagoma, na kiwiko kikajikunja. Mwamuzi wa pembeni akanyoosha mkono. Mpira batili. Mtu akikunja kiwiko anahesabiwa kuwa ametupa, hakurusha, na kutupa ni kosa kubwa katika mchezo huu, kosa la heshima. Wifi aliangalia kiwiko chake kama si chake. Akarudia, na mwamuzi akanyoosha mkono tena. Nesi akamwondoa.

Akakaa ukingoni mwa uwanja muda wote uliobaki, anaukunja mkono na kuunyoosha. Upande wa pili walikuwa wanaigiza mtu anayetupa jiwe, na kucheka.

Nilifurahi. Hapa hakuna atakayesoma, basi niandike ilivyo. Nilifurahi mpaka miguu ikanicheza.

Jumatatu, 26 Mei

Barua ya chama cha ligi imefika kwa Mwalimu. Wifi haruhusiwi kurusha mpaka waamuzi wauone mkono wake, akiwa amevaa sare ya mechi, tarehe 24 Juni. Akishindwa, basi, moja kwa moja.

Jumamosi, 31 Mei

Nimerudishwa namba sita. Nilipiga mpaka mikono ikauma. Tumeshinda kwa jasho. Wifi alinipigia makofi kuliko wote, na hilo liliniudhi.

Jumanne, 3 Juni

Joto. Hakuna upepo. Vifungo.

Jumamosi, 7 Juni

Tumeshinda. Nimetolewa mapema.

Jumatano, 11 Juni

Wifi anafanya mazoezi kwenye korido kila jioni akitoka benki. Ameviringisha soksi kuwa mpira, anarusha kutoka mlango wa bafu hadi mlango wa chumba chetu. Du. Du. Du. Anaokota, anarudi. Nimemwambia mume wangu amwambie dada yake watu wanataka kupumzika.

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe ndiye unayejua kriketi. Kwa nini humwangalii mkono?"

Nikajitia hamnazo, nikauliza kama amelipia gesi.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeshinda kwa bahati. Wapinzani wetu ndio waliokuwa wabovu. Mwalimu anasema tukifika fainali bila mrushaji wa tano tutachinjwa mchana kweupe. Amevua kofia mara mbili akiongea nami, na mara zote mbili alikuwa anamtazama Wifi.

Jumapili, 15 Juni

Leo Wifi ameniomba mwenyewe. Alikuwa na gauni lake pana la nyumbani, mikono mifupi.

"Wifi, nakuomba. Nesi ameupima mkono, anasema mfupa hauna tatizo. Wewe niangalie tu. Niambie unakunja wapi."

Nikakaa kwenye kigoda mwisho wa korido. Akarusha soksi. Mkono ulinyooka kama rula. Akarusha tena, ukanyooka vilevile. Ilikuwa kazi safi, ya mtu aliyefundishwa vizuri na akafanya kwa miaka. Nilijua kinachomkunja. Kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba, nyuma ya mgongo wangu, kinadondosha maji.

"Sijui, wifi," nikasema. "Labda ni bega. Bega ni kitu kibaya."

Akakubali. Alinishukuru hata.

Alhamisi, 19 Juni

Mawingu asubuhi, yakaondoka. Nilikosea suruali ya mteja, nimekata mguu mmoja mfupi. Miaka yote hii sijawahi.

Jumamosi, 21 Juni

Tumeingia fainali. Niliandika hivyo tu, halafu nikaweka kalamu chini. Ningependa iwe ndiyo habari ya leo.

Tulipofika nyumbani Wifi hakuja sebuleni. Nikaenda kumwita kwa chakula. Alikuwa amekaa kitandani, gongo lake limefungwa tena kwenye ile taulo.

"Jumanne siendi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nitaenda kuaibika tu. Wifi, nimekuwa nikiwaza. Nimerusha tangu nikiwa shule. Nimetoa watu wengi. Kuna mmoja alilia uwanjani, tulikuwa tunagombea nafasi ya timu ya wilaya, mimi nikaipata. Sasa nauliza, mkono wangu ulikuwa umenyooka siku ile? Au nimekuwa mwizi miaka yote hii, ila sikuwahi kukutana na mwamuzi mwenye macho?"

Hakuwa analia. Angelia ingekuwa nafuu, maana ningemfuta machozi nikajiona mwema. Alikuwa anaongea kama mtu anayefunga duka.

"Kula kwanza," nikamwambia.

Nilitaka nafasi yangu. Hilo tu ndilo nililotaka, na bado nalitaka. Sikutaka kumnyang'anya na ile aliyoipata zamani kwa haki.

Jumapili, 22 Juni

Nimefungua duka leo ingawa ni Jumapili. Nimeleta shati la Wifi.

Nikafumua makwapa yote mawili. Kazi ya dakika chache. Halafu nikakaa nikitazama yale matundu, kwa sababu kitambaa hakipo. Nilitafuta kila mfuko, kila boksi. Yale matambara yamelowa mafuta meusi, hata nikiyafua hayafai. Nilijaribu kijani kingine nilichobakiwa nacho cha mapazia, kikaonekana kituko, na kinateleza. Waamuzi wanataka sare kamili, na Mwalimu asingekubali pazia uwanjani.

Shati langu lilikuwa begini. Lile la kwanza kabisa, la siku nilizokuwa narusha. Lina vipande vyake chini ya kwapa mpaka leo. Sina kazi navyo, mpigaji hahitaji, lakini sijawahi kuvitoa. Bega lilipoharibika nilijiambia nitarudi, halafu nikaacha kujiambia, vipande vikabaki.

Nilizunguka dukani. Nikafagia. Nikapanga reli za uzi kwa rangi. Niliwaza hivi: nikivitoa, Jumanne mkono wake utanyooka. Ukinyooka, atarusha fainali. Akirusha fainali, mimi benchi. Hakuna njia nyingine ya kuihesabu hesabu hiyo, na Mwalimu ataihesabu vilevile. Fainali yangu ya kwanza, baada ya misimu yote ya kushonea wengine.

Nikachukua wembe, nikafumua shati langu.

Vipande vimepauka kwa jua na sabuni, karibu rangi ya majani makavu. Kwenye shati lake jipya vinaonekana waziwazi. Sikuweza kuficha hata kama ningetaka. Nikashona, nikapiga pasi, nikalikunja.

Nilimpa mezani, kaka yake akiwa nje. Alilifungua, akaona, akaingiza vidole chini ya kwapa.

"Mbona rangi nyingine?"

"Vimetoka kwenye shati langu. Jaribu kurusha."

Akalivaa juu ya gauni. Akainua mkono taratibu, ukapanda, ukapita sikio, ukafika juu. Shati halikusogea. Akaushusha. Akauinua tena. Niliona anaelewa, na lilikuwa jambo baya kulitazama.

"Warushaji wengine wanavyo hivi?"

"Wote."

"Na mimi hukuniwekea."

"Sikukuwekea."

"Ulisahau?"

Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yangu, pana kabisa. Ningesema ndiyo tu.

"Sikusahau," nikasema.

Akavua shati, akalikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akaenda chumbani.

Jumatatu, 23 Juni

Hasemi nami. Anasema na kaka yake, anasema na jirani, anasema na redio.

Jumanne, 24 Juni

Mkono umepita. Mwalimu ameniletea habari dukani, amefurahi mpaka kofia anaipepea. "Unajua walisema nini? Eti hawajui walikuwa wameona nini siku ile."

"Hata mimi sijui," nikasema, nikakanyaga cherehani.

Wifi hakumwambia mtu. Hata kaka yake hajui mkewe alifanya nini. Sijui kama ni wema au anaiweka siri hii akiba.

Alhamisi, 3 Julai

Kikosi kimetajwa. Wifi, namba sita. Mimi, mchezaji wa akiba, mbeba maji. Nilikuwa nimejiandaa, na haikusaidia chochote. Roho imeuma kama sikuwahi kujua.

Jumamosi, 5 Julai

Mawingu mazito tangu asubuhi, na joto. Nilivaa koti la michezo juu ya shati langu na kulifunga mpaka shingoni, kwa sababu chini ya makwapa yangu kuna matundu mawili. Mlinda wiketi akaniuliza kama naumwa.

Wenzetu walianza kupiga. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze tulikuwa na warushaji watano, na ilionekana. Hakukuwa na zile ova za kupumulia. Wifi alipewa mpira katikati, akarusha ova zake sita zote, na kila alipoinua mkono, kile kipande kilichopauka kilionekana chini ya kwapa lake, hata kutoka nilipokaa na chupa. Nilikitazama kila mpira. Sikuwa namtazama yeye, nilikuwa natazama kipande changu kinavyopanda. Aliangusha wiketi tatu, wapigaji watatu nje. Uwanja ulimshangilia, nami nikashangilia huku namwonea wivu.

Kwenye mapumziko ya maji alinijia moja kwa moja. Maneno ya kwanza tangu ile Jumapili.

"Usidhani nimekusamehe," akasema. "Nipe maji."

Nikampa.

Walipata mikimbio michache, yaani alama, hata Mwalimu alianza kutabasamu. Kisha zamu yetu. Wapigaji wetu wa juu waliingia na kutoka kama wanaenda kuchukua kitu walichosahau. Wifi akaingia namba sita, nafasi yangu, na kofia yangu ya chuma, maana tunazo chache. Alijitahidi. Alishikilia mpaka ova ya mwisho, ukabaki mpira mmoja, na tulihitaji mikimbio minne tu tushinde.

Mrushaji wao akarusha mpira mfupi, ukaruka kuja mbavuni. Ule mpira naujua. Ule ndio mpira ulionipa jina katika ligi hii. Unarudi nyuma hatua moja, unazungusha kiuno, unausukuma chini, nyuma yako, na unakwenda mpaka kwenye kamba ya ukingo wa uwanja, na hiyo ni mikimbio minne. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshazunguka kiuno kwenye benchi, chupa ikamwagika.

Wifi aliupiga juu. Ulipanda, ukakaa hewani, ukashuka mikononi mwa mpinzani. Yakawa yameisha, tumeshindwa.

Mwalimu alikaa. "Leo tulipungukiwa mpigaji mmoja," alisema, bila kumwambia yeyote, akaivaa kofia yake mpaka machoni.

Wenzangu walikuwa wanafungasha. Wifi alitembea kutoka katikati ya uwanja, gongo analiburuta, akapita Nesi, akapita Mwalimu, akaja kusimama mbele yangu.

"Sema," akasema.

"Niseme nini?"

"Wifi, hukunidanganya Jumapili ile ya shati. Leo pia usinidanganye. Sema."

"Ningeupiga," nikasema.

"Mpaka kwenye kamba?"

"Mpaka kwenye kamba."

Akatikisa kichwa, akakaa kando yangu, akavua kofia yangu na kunirudishia. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye mbao. Nikafungua zipu ya koti hatimaye, nikalivua, maana joto lilikuwa limenishinda, na nilipoinua mkono kulitoa aliona tundu. Aliingiza kidole, akanitekenya ubavuni, kwa nguvu, mpaka nikaruka.

"Hilo usilizibe," akasema. "Mpaka nitakapokuambia."